Mwongozo kamili: kutafuta maadui asilia wa viwavijeshi vamizi kwenye malisho yako (Arusha na Moshi)

Naandika hii kwa sababu wafugaji wengi wameshajaribu na majibu yao ni yale yale: "niliweka viwavi kwenye kopo, vikafa vyote, vikaoza, hakuna mdudu rafiki aliyetoka, kwangu hawapo." Wapo ndugu yangu. Ila ulichukua viwavi vikubwa tu, ukavijaza kopo moja vikalana, kopo likatoa jasho ukungu ukaingia, na zile punje nyeupe zilizobaki chini ukadhani ni mayai ya mdudu ukaziponda. Hapo ndo ulipomponda rafiki yako mwenyewe.

Historia ya huyu mdudu tunairuka, wote tunajua alivyoingia na alivyokula mahindi, sasa yuko kwenye majani ya tembo, boma rodesi na hata yale majani tunayokata tambarare kupeleka juu kihambani (shamba la nyumbani huko mlimani). Hapa ni kazi ya mikono tu. Wazo lenyewe ni moja, huhitaji kununua mdudu wala kuagiza nje, unafuga viwavi vya shamba lako unasubiri uone nani anatoka ndani yake, halafu ukishamjua unamwongeza.

## Vifaa, kusanya kwanza kabla hujaingia shambani

- Vikopo vidogo vyenye mfuniko, 50 au zaidi. Vya mtindi, vya aiskrimu, au chupa za maji za nusu lita ukazikata. Vioshe kwa sabuni, suuza mpaka harufu iishe.
- Kitambaa chepesi cha kufunika, shifoni au soksi za kike za nailoni. Usitumie chandarua cha mbu. Karibu vyote tunavyogawiwa vina dawa, na hata kikiwa cha zamani kimefuliwa mara nyingi bado kinaweza kuua vinyigu, yaani nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai au viwavi vya adui na watoto wao wakamla kutoka ndani, hao ndo marafiki tunaowatafuta. Hii peke yake imeharibu kazi ya watu wengi.
- Raba bendi, tishu, mkasi, kibano cha nyusi.
- Brashi laini ya rangi ya watoto, ya kuhamishia viwavi vidogo. Ukitumia vidole unavipasua.
- Maka peni na plasta ya kuandikia lebo, pamoja na daftari.
- Simu yenye kamera, ukivuta karibu inatosha kabisa. Ukiwa na lensi ya mkono ni vizuri zaidi.
- Asali kidogo na pamba.
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ya hatua ya 8.
- Spiriti ya duka la dawa na vichupa vidogo, kama utataka kupeleka sampuli.

Tafuta na sehemu ya kuweka vikopo. Chumba chenye kivuli, hewa inapita, hapachomwi dawa ya mbu, hapapuliziwi dawa ya mende, na mbali na pale unapoogeshea ng'ombe. Hili la kuogesha watu hawaliwazii, unapuliza dawa ya kupe uani, upepo unaleta dirishani, kesho yake unakuta vinyigu vyote miguu juu unasema kazi ngumu.

## Hatua ya 1: hakikisha ni yeye

Kiwavijeshi vamizi (jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda) kina alama mbili za kuangalia. Kichwani kuna mstari mweupe wenye umbo la Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyokaa kimraba. Umbo la Y peke yake lisikutoshe, viwavi wengine nao wana kitu kinafanana na hicho, wewe tafuta yale madoa manne.

Kwanini usumbuke na hili? Kwa sababu kwenye malisho kuna kiwavijeshi wetu wa zamani pia, yule mweusi wa kimahameli anayetembea makundi makundi na kumaliza nyasi kwa siku chache. Na ndani ya mashina ya majani ya tembo kuna funza wanaotoboa. Kila mmoja ana maadui zake, ukiwachanganya kwenye vikopo hutajua nani katoka kwa nani na hesabu yako yote haina maana.

Kama kimoja huna uhakika nacho, kipige picha, kiweke kopo la peke yake, andika "sijui". Wale viwavi wa manyoya manyoya usiwashike kabisa, wanawasha.

## Hatua ya 2: chagua sehemu na muda

Chukua sehemu ambayo haijapuliziwa dawa kwa wiki tatu au zaidi. Kama jirani amepuliza jana, nenda upande mwingine wa shamba, dawa haijui mpaka.

Anzia pembezoni. Kwenye ukingo wenye magugu yanayotoa maua, karibu na mfereji, karibu na mahindi, huko ndo vinyigu vinakaa kwa sababu vikishakuwa vikubwa vinahitaji utamu wa maua. Katikati ya shamba kubwa la nyasi moja tupu utapata wachache.

Muda wa siku ni asubuhi mapema au jioni, saa saba mchana kiwavi kimejificha ndani kabisa.

Kuhusu msimu, mwanzoni mwa masika mdudu anatangulia na maadui wake wanafuata nyuma, kwa hiyo ukikusanya mapema sana na kupata sifuri usikate tamaa, rudia baada ya wiki tatu au nne. Watu wa sehemu zenye maji ya mfereji mwaka mzima, huko chini Moshi au Usa River, mna bahati, mdudu hakatiki kwa hiyo na maadui wake hawakatiki.

## Hatua ya 3: kusanya mayai (usiiruke hii)

Karibu kila mtu anairuka halafu anakuja kulalamika. Vinyigu vya mayai ndo vyenye faida kubwa kwako, kwa sababu vinamuua mdudu kabla hajala hata jani moja.

Mayai yanatagwa kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa pamoja, na juu yamefunikwa na manyoya ya nondo (ndo kiwavi huyu akishakuwa mkubwa wa kuruka), utadhani ukungu wa kijivu. Geuza majani, angalia upande wa chini kwanza halafu wa juu, angalia na pale jani linapoungana na shina. Usikwangue, kata kipande cha jani chenye fungu zima.

Chukua mafungu yasiyopungua 15 kutoka sehemu tofauti, kila fungu kopo lake, lebo ina tarehe, mahali, na aina ya jani. Chini weka tishu iliyo na unyevu kidogo sana, yaani ukiikamua haitoi tone. Funika kwa shifoni na raba bendi. Huku shifoni lazima iwe nzito ya matundu madogo au uikunje mara mbili, vinyigu hivi havifiki hata milimita moja, vinapita popote.

Onyo: yai zima likikaribia kutotoka nalo linakuwa jeusi kwa sababu kichwa cha kiwavi kinaonekana ndani. Kwa hiyo weusi peke yake sio ushahidi. Ushahidi ni siku. Yai zima linatotoka ndani ya siku 2 hadi 4 kukiwa na joto, baridi ya Arusha ya mwezi wa saba inaweza kusogeza mbele kidogo. Yai lililo na kinyigu linakuwa jeusi linang'aa na linabaki hivyo hivyo, viwavi havitoki.

Viwavi vikitoka kwenye fungu, viondoe kwa brashi siku hiyo hiyo, baadhi uvihamishie kwenye kufugwa na vilivyobaki uviue, ila mayai meusi yaliyobaki usiyatupe. Yaache siku 10 mpaka wiki tatu. Moshi kwa sababu kuna joto vitawahi, Ngaramtoni na Sanya Juu vitachelewa.

Mafanikio yanaonekanaje: asubuhi moja unakuta vidudu vidogo kabisa vinatembea juu ya shifoni kuelekea kwenye mwanga, utadhani vumbi mpaka uone vinatembea. Angalia lile fungu la mayai kwa kamera, kila yai lina kitobo kidogo cha duara. Hao ni vinyigu vya mayai, vinaitwa Telenomus au Trichogramma. Kumtofautisha mmoja na mwenzake ni kazi ya maabara, kwako wewe mkulima wote wanafanya kazi moja.

## Hatua ya 4: kusanya viwavi, vidogo kuliko unavyodhani

Sasa hapa ndo penye kosa kuu. Mtu anaenda shambani anaona kiwavi kinono cha sentimita tatu, anakiokota. Kiwavi kilichovamiwa na kinyigu mara nyingi hakifiki huko, kinakufa kikiwa bado kidogo au cha kati, kwa hiyo ukiokota vikubwa tu unaokota vile vilivyopona. Halafu unaandika "hakuna maadui".

Tembea shambani kwa zigizaga kama herufi W, simama sehemu tano. Kila sehemu funua moyo wa majani ya tembo au mahindi, na kwenye nyasi fupi tandika kitambaa cheupe chini halafu gonga nyasi kwa fimbo, viwavi vinadondoka. Chukua jumla kama 80 mpaka 100:

- robo tatu viwe chini ya sentimita moja na nusu
- robo iliyobaki vikubwa, hivi ni kwa ajili ya inzi rafiki, ambaye funza wake wanakulia ndani ya kiwavi

Dalili za jani lenye kiwavi kidogo ni vidirisha, yaani jani limekwanguliwa limebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukiona matundu makubwa na kinyesi kama maranda ya mbao, huyo ameshakuwa mkubwa.

Ukiwa hapo hapo angalia na vitu ambavyo havitembei. Kifukofuko cheupe (nyumba anayojifungia mtoto wa kinyigu) kimegandia jani pembeni ya kiwavi kilichokufa au kinachokufa, kata jani zima weka kopo lake. Kiwavi kikubwa chenye vitone vyeupe mgongoni karibu na kichwa, hivyo ni mayai ya inzi, hicho ni dhahabu. Kiwavi kilichoning'inia kichwa chini kimelegea, au kimekakamaa kimefunikwa unga mweupe au wa kijani, nacho chukua ila kwenye mfuko tofauti kabisa, maana huo ni ugonjwa na utaambukiza vingine vyote kabla hujafika nyumbani.

Wanaowinda wazi wazi usiwakusanye, waandike tu na uwapige picha. Sisimizi, buibui, vunjajungu, wale wadudu wenye mkasi mkiani wanaojificha kwenye moyo wa mmea, nyigu wakubwa wanaobeba kiwavi wanaruka nacho. Yule wa mkasi mkiani watu wanamuua wakidhani ndo anayekula mmea, jamani mwacheni, anakula mayai na viwavi vidogo.

## Hatua ya 5: kufuga

Kanuni ya kwanza, kopo moja kiwavi kimoja. Hawa wanakulana. Hata ukiweka majani tele bado watakulana, na atakayeliwa kwanza ni yule mdhaifu mwenye kinyigu ndani, yaani yule uliyekuwa unamtafuta.

Ndani ya kopo weka tishu kavu chini, kipande cha jani changa la mahindi au la tembo, kiwavi, funika kwa shifoni. Mfuniko wa plastiki usiopitisha hewa utaleta jasho, jasho linaleta ukungu, ukungu unaleta lile jibu lenu la "vimeoza vyote".

Majani yatoke sehemu ambayo una hakika haina dawa. Yaoshe, yakaushe kwa kitambaa mpaka yasiwe na tone, ndo uweke. Badilisha kila siku, ukishindwa basi siku moja moja uruke, toa kinyesi na tishu iliyolowa. Anza na makopo ya viwavi vizima, malizia na vinavyoonekana kuumwa, ukimaliza nawa mikono. Kopo lililokuwa na mgonjwa lioshe kwa jiki na maji, suuza, anika juani.

Kiwavi kikiacha kula na kikawa kikubwa, kinataka kuingia ardhini. Huko shambani kinashuka sentimita 2 hadi 8 chini, kwako kiwekee udongo uliochekechwa wenye unyevu kidogo kama sentimita tatu, au tishu iliyokunjwa inatosha.

Sisimizi watakuja, hilo lihesabu kama limeshatokea. Meza ya vikopo weka miguu yake kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, au paka grisi. Kuku nao wasiingie humo ndani.

Subiri mwezi mzima kabla ya kutoa hukumu. Kiwavi kikishajificha kinageuka pupa, yaani kinalala ndani ya ganda, na nondo mwenyewe kukiwa na joto anatoka humo baada ya siku 8 au 9, baridi ikizidi inaweza kufika siku 20 na zaidi. Nondo anayetoka muue, usimwachie kwa huruma, jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake.

## Hatua ya 6: kusoma kilichotoka

Kifukofuko kimoja cheupe, ukubwa wa punje ndogo ya mchele, kiwavi kidogo kimekufa pembeni. Hiki ni kinyigu cha ndani ya kiwavi. Usikiguse, acha hapo hapo kama wiki moja hivi. Kikitoka kidogo cheusi kama milimita tatu, pengine ni Cotesia. Kikiwa kirefu cha rangi ya machungwa kuelekea njano, ni Coccygidium, huyu tunaye sana kanda hii, ameonekana Tanzania na Kenya tangu uchunguzi wa mwanzo kabisa wa maadui wa mdudu huyu Afrika Mashariki. Uzuri wake ni kwamba kiwavi chenye Coccygidium ndani kinapunguza kula hata kabla hakijafa, kwa hiyo faida unaiona msimu huo huo.

Kinyigu cheusi kinene, tumbo gumu kama limefunikwa gamba. Chelonus. Huyu anataga kwenye yai, lakini yai linatotoka kawaida, kiwavi kinakua nusu ndo mwanawe anatoka. Ndo maana nilikwambia hata viwavi vilivyotoka kwenye mafungu yako ya mayai fuga baadhi.

Kifuko chenye madoa meusi na meupe kinaning'inia kwa uzi. Ni cha kinyigu kinachoitwa Charops. Ukikiona shambani ni rahisi kukitambua.

Kidonge cha kahawia kinang'aa, hakina kichwa wala mkia, kwenye udongo au tishu, na kiwavi kikubwa kimebaki ngozi. Huyo ni inzi. Funza wake wametoka ndani ya kiwavi wakajifunga. Inzi mwenyewe anatoka baada ya wiki moja mpaka mbili, ana nywele ngumu mgongoni na anafanana na inzi wa nyumbani, ndo maana watu wanampiga kofi. Usichanganye na pupa ya nondo, ile ni nyekundu ya kahawia, imechongoka mkiani na ukiigusa inatikisa mkia.

Mnyoo mrefu mweupe kama uzi umejikunja kopo zima. Unatisha ila hauna shida na wewe, ni mnyoo wa wadudu tu.

Kiwavi kimelegea, kimekuwa maji meusi, ngozi inapasuka ukigusa. Kirusi. Kile kilichokakamaa na unga ni kuvu. Virusi vya namna hii havimpati mtu wala ng'ombe.

Sasa vitu vya kukudanganya. Vinzi vidogo vinavyoruka ukifungua kopo lenye majani yaliyooza sio maadui, wamekuja kwenye uozo. Na kuna wakati kwenye kifukofuko cheupe kinatoka kinyigu kidogo cha kijani kinachometa, huyo ni adui wa rafiki yako, amemla Cotesia wako ndani. Mwandike, usimwachie shambani.

## Hatua ya 7: hesabu

Unachotafuta ni asilimia ya viwavi vilivyotoa rafiki. Watu wanagawanya kwa idadi waliyokusanya, hapana. Viwavi vilivyokufa bila kujulikana sababu vinatolewa kwenye hesabu, maana huenda vimekufa kwa mikono yako.

Mfano, umekusanya 80. Vilivyokufa hovyo 20, vya ugonjwa 6. Vinabaki 54. Kati ya hivyo 41 vimekuwa nondo na 13 vimetoa kinyigu au inzi. Gawanya 13 kwa 54, ni kama asilimia 24. Wagonjwa 6 waandike mstari wao peke yao. Mayai nayo yana hesabu yake, usichanganye na viwavi.

Kama waliokufa hovyo wamezidi nusu, hiyo sio matokeo, ni ufugaji mbovu, rudi hatua ya 5.

Na asilimia ndogo isikuvunje moyo. Hawa wanafanya kazi kwa kusaidiana, wa mayai anapunguza, wa kiwavi anapunguza, sisimizi nao wanapunguza, na kiwavi kilichopona huku kinaliwa kule.

## Hatua ya 8: ndoo ya kuwaachia

Badala ya kuponda mayai na viwavi unavyookota, unavifungia ili mdudu afe ndani na rafiki atoke.

Kata dirisha kwenye mfuniko wa ndoo, gundisha neti isiyo na dawa yenye matundu kama milimita moja mpaka moja na nusu. Nondo hapiti, kiwavi kikubwa hakipiti, vinyigu vinapita. Ndani weka vifukofuko na viwavi vya kati pamoja na majani ya kula, na pamba yenye maji ya asali. Hapa wakilana poa tu, hatupimi tena. Isimamishe juu ya mawe ndani ya beseni la maji ya sabuni, kivulini pembezoni mwa malisho, juu weka bati mvua isiingie.

Onyo kubwa: fungu la mayai usiliweke moja kwa moja. Kiwavi kilichototoka sasa hivi ni chembamba sana kinapita kwenye neti hiyo na kinabebwa na upepo kwa uzi wake, utakuwa umejenga kiwanda cha kusambaza adui. Mayai yakae kwanza kwenye kopo la shifoni nzito mpaka vizima vitotoke uviondoe, yakibaki meusi tu ndo unahamishia kwenye ndoo.

Inzi hawapiti neti hiyo. Vile vidonge vyao vya kahawia viokote, weka kwenye kisahani chenye udongo, funika kwa waya wa matundu makubwa kuku wasivile, weka shambani.

## Hatua ya 9: wafanye wakae

Usikate malisho yote siku moja. Kata kwa vipande, acha ukanda usiokatwa upande mmoja, ule ukiota unahamia mwingine. Ukikata yote umewabomolea nyumba wote kwa pamoja, wakati nondo yeye anaruka kutoka mbali anarudi kesho.

Acha maua. Giligilani iliyopitiliza ikatoa maua, mashona nguo pembezoni, desmodium (majani ya jamii ya kunde) kati ya majani ya tembo ambayo ng'ombe nao wanaila. Sio lazima ununue kitu.

Dawa za kuua kila kitu ziache. Ikibidi kabisa tumia za kibaiolojia za bakteria wa Bt au mwarobaini, tena pale penye shida tu na viwavi vikiwa vidogo. Na malisho yaliyopuliziwa subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ng'ombe hajala, maziwa yanaenda kwa watoto hayo.

Ukikuta malisho yanaliwa kwa kasi na viwavi vimeshakuwa vikubwa, usingoje vinyigu, havitakuokoa wiki hiyo. Kata majani yote yaliyobaki leo, lisha au kausha, mdudu akose chakula. Maadui ni kwa ajili ya kizazi kinachofuata.

## Hatua ya 10: kupeleka sampuli

Ukitaka jina kamili, vinyigu vilivyokufa viweke kwenye spiriti, kichupa kimoja aina moja, ndani tumbukiza karatasi iliyoandikwa kwa penseli (wino unafutika): tarehe, kijiji, aina ya jani, ametoka kwenye yai au kiwavi. Bila karatasi hiyo mtaalamu hana cha kukusaidia. Anza kwa afisa ugani wa kata, na kwa sisi wa huku tuna bahati makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yako Ngaramtoni pale pale palipokuwa TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu.

Hao hao ndo wa kuwauliza kama kuna mtu anakuuzia mdudu kutoka nje ya nchi. Kuingiza mdudu hai bila kibali ni kosa, na mdudu mgeni akishatoka kwenye kopo hakuna atakayemrudisha. Kuhamisha ndoo ya viwavi kutoka Kahe kwenda Monduli kwa shemeji yako nako usifanye, unampelekea adui pamoja na rafiki. Mpelekee vikopo na shifoni, viwavi atafute vya kwake.